Nyumba yetu imechaguliwa kueleza matumizi: tukubali?

SWALI: Shikamoo Mzee. Juzi alikuja binti mwenye kitambulisho cha ofisi ya takwimu ya serikali, akasema kaya yetu imechaguliwa kwenye utafiti wa manunuzi na bei. Ameniachia daftari. Kwa wiki mbili niandike kila tunachonunua, bei yake na tulikokinunua. Mume wangu hataki hata kuliona, anasema hao ni watu wa kodi wamejificha. Mimi nina wasiwasi wangu: yako matumizi asiyoyajua, na sitaki ayasome humo. Isitoshe, kwa nini sisi, na si jirani yetu mwenye uwezo? Tukikataa itakuwaje? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mdadisi, kazi hiyohiyo ya binti aliyekujia, kwa hiyo mlango wako naufahamu.

Nianze na mumeo, kwani hofu yake ndiyo niliyoikuta kwenye nyumba nyingi. Haina ubaya, mtu ana haki ya kulinda mambo ya nyumbani kwake. Mwambie kwamba Umoja wa Mataifa una Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zilizopitishwa na Tume ya Takwimu mwaka 1994 na kuidhinishwa na Baraza Kuu mwaka 2014. Kanuni ya 6 inataka taarifa za mtu mmoja mmoja ziwe siri kabisa, zitumike kwa takwimu tu. Nchi nyingi zimeliweka hilo kwenye sheria zao za takwimu, na mfanyakazi anayetoa siri hushtakiwa. Asiishie kuniamini mimi. Apige simu ofisi ya takwimu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyopewa mlangoni, aulize kama binti huyo ni wao. Na ikitokea mtu akataka namba ya siri ya simu yako au ya benki, mfungie mlango, huyo si mdadisi.

Kuhusu jirani: hakuna aliyekaa akawapima uwezo wenu. Kwa kawaida huchaguliwa maeneo kwanza, kisha ndani ya eneo kaya huchukuliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Ndiyo maana hamwezi kumwachia jirani nafasi yenu. Mkitoka ninyi akaingia yeye kwa kuwa ana nafasi na ana moyo, utafiti utakuwa umepima watu wenye nafasi na moyo.

Sasa niseme kwa nini jambo hili naliona zito. Mfumuko wa bei unaoutangaziwa redioni haupatikani kwa kujumlisha bei tu. Kila bidhaa ina uzito wake, yaani sehemu inayokula ya matumizi ya kaya. Nauli ikipanda kwa asilimia 10, na nauli inakula sehemu ya kumi ya matumizi ya kaya, fahirisi nzima, yaani namba inayopima bei zote kwa pamoja, inasogea asilimia 1. Ikiwa inakula sehemu ya ishirini, inasogea nusu ya hapo. Sehemu hiyo inatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa, kwenye madaftari kama hilo lako. Hata safu ya mahali uliponunua ina kazi: tangu marekebisho ya mwaka 1978, Marekani huchagua maduka ya kukusanyia bei kwa kufuata kaya zinasema zinanunua wapi.

Uzito ukichakaa, namba inapotoka. Fahirisi ya Uingereza ya gharama za maisha, iliyoanzia mwaka 1914, ilitegemea matumizi ya familia za wafanyakazi yaliyokusanywa mwaka 1904, na ikaburuzwa hivyo hadi 1947. Maisha yalikuwa yamebadilika kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ilitia ruzuku kwenye bidhaa zilizokuwa na uzito mkubwa humo, namba ikatulia, huku vitu vingine ambavyo watu walikuwa wakinunua kweli vikipanda. Na namba za namna hii ndizo hutumika kudai nyongeza ya mshahara na ya pensheni. Hilo ndilo linaloniuma ninapoona daftari limerudishwa tupu.

Turudi kwenye siri yako, maana hapo ndipo wadadisi wengi hupita haraka. Mwambie binti huyo, mkiwa wawili tu, kwamba unataka daftari lako peke yako. Si ombi la ajabu. Uingereza, katika utafiti wao wa matumizi, kila mtu kuanzia miaka 16 hujaza lake, na watoto wadogo kidogo wana lao jepesi. Kama kwenu kuna daftari moja la kaya, omba umtajie matumizi yako kwa mdomo anapokuja kukagua, ayaandike kwenye fomu yake aondoke nayo. Mumeo naye huenda ana yake. Apewe nafasi ileile. Nimekaa na wanandoa waliojibu pamoja, na nilijua kabisa kwamba nusu ya majibu yalikuwa ya kumridhisha mwenzake.

Andika papo hapo, usingoje usiku. Vitu vikubwa havisahauliki. Vinavyopotea ni vidogo: muda wa maongezi, nauli ya mtoto, dawa ya kichwa. Huna risiti? Haidhuru, andika ulicholipa. Ulichokopa dukani, tafiti nyingi hutaka ukiandike siku ulipokichukua, na siku ya kulipa deni usikihesabu tena. Muulize binti utaratibu wao. Fedha unazowatumia wazazi zina mahali pake pia, usizichanganye na manunuzi. Na tafadhali usijibane wala usijionyeshe kwa sababu unaandikwa. Madaftari mengi hujaa siku za mwanzo, kisha yanakonda kwa kuwa mkono umechoka. Ukichoka, mwambie, atakusaidia kuandika.

Mkikataa? Marekani na Uingereza tafiti hizi ni za hiari. Kwingine sheria ya takwimu inaweza kukulazimisha kujibu, hivyo mwombe akuonyeshe kifungu chenyewe na akisome mbele ya mumeo. Ni haki yenu, na mdadisi aliyefundwa vizuri hakasirikii swali hilo.

Siku atakapokuja kulichukua daftari, usilikabidhi mlangoni. Mkaribishe akae, mlipitie ukurasa kwa ukurasa, na palipo na siku tupu mwambie kama hamkununua kitu kweli au ulisahau.