Vidonge vya Kisukari na Saumu ya Ramadhani

Kila mwezi wa Rajabu huenda kliniki kumwona daktari kabla sijaazimia kufunga, kwa kuwa mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unataka mashauriano hayo yafanyike wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Vidonge vya kisukari aina ya pili havifanyi kazi moja, na saa za kula zikibadilika, si vyote vinavyovumilia.

Metformini, ambayo wengi wetu huanzishiwa, hupunguza sukari inayotolewa na ini na kuusaidia mwili kuitumia vizuri insulini yake (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), na ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Yangu ilikuwa ya asubuhi na jioni, hivyo daktari aliihamishia daku na futari bila kubadili kipimo. Huimeza pamoja na chakula cha kutosha, maana huliadhibu tumbo tupu, na kuharisha mchana ambao maji hayanyweki si jambo la kuchezea, hasa kwa mwenye figo dhaifu.

Glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa. Hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hukula, na nguvu yake hudumu saa nyingi, ndiyo maana aliyeimeza wakati wa daku anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa ilhali magharibi bado iko mbali. Nilibadilishiwa gliklazidi, ya kundi hilohilo lakini yenye hatari ndogo zaidi, kipimo kikubwa kikawekwa kwenye futari na cha daku kikapunguzwa. Tafadhali usiige hesabu yangu. Kipimo chako hutegemea figo zako, umri wako na dawa nyingine unazotumia.

Kujitoboa kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu, ingawa bado wapo wanaolibishia hilo kwa sauti kubwa kuliko elimu yao. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) au ikipanda juu ya 16.6, fungua papo hapo, hata kama zimebaki dakika chache kabla ya adhana. Ruhusa ya mgonjwa kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, aya ya 185. Ikiwa imeshuka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia, na ikishapanda ule chakula kamili.