Akili bandia kazini: tunajibu maswali yenu

*Mimi ni sekretere katika kampuni ya malori, Kampemba, hapa Lubumbashi. Patron ameleta programu ya akili bandia inayoandika barua za Kifaransa. Hakuna aliyetuambia kitu, ni minong'ono tu. Nitafukuzwa?*

Mama, hofu yako ina msingi, nami ile minong'ono inanikera kuliko programu yenyewe. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 hairuhusu kumwachisha mtu wa mkataba usio na kikomo bila sababu halali. Lakini mahitaji ya kampuni yamo kati ya sababu hizo, kwa hiyo usikae kimya. Piteni kwa delege, mwakilishi wa wafanyakazi, mumwombe patron aseme mbele ya wote: kazi zipi zitaguswa, nani atafundishwa, na saa za mafunzo zitalipwa? Wewe nawe jifunze kukagua barua za programu hiyo. Kifaransa chake ni kizuri, ila haijui lori lipi limekwama mpakani Kasumbalesa wala mteja yupi amekwisha kulalamika. Wewe unayajua, na uyaseme siku ya mkutano.

*Ninaandika ripoti kwa ChatGPT, programu ya akili bandia, kwa siri. Ni vibaya? (Kijana wa Ruashi)*

Siri ndiyo inayoniogopesha. Majina na namba za wateja usizitie humo kamwe: sheria ya kidijitali ya Kongo, ya Machi 2023, inalinda habari binafsi za watu. Tena hakikisha kila kitu. Mwaka uleule, wanasheria wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mwambie mkubwa wako mapema.

*Akili bandia inaelewa Kiswahili chetu cha Lubumbashi?*

Nusunusu. Barua isomwe na mtu wa hapa kabla haijatumwa.

*Ninaongoza huduma ya hesabu. Wazee wangu wanakataa mashine. Ni uvivu?*

Hapana, papa. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alionyesha kwamba mtu hukubali chombo hasa akiona kinamsaidia kazini. Wepesi wa kukitumia hufuata. Waulize wazee kazi ipi inawachosha zaidi, uanzie hapo. Halafu, mega za intaneti atalipa nani? Umeme ukikatika mchana, ripoti iliyochelewa itahesabiwa kosa la nani? Wape majibu ya hayo mawili kwa maandishi, ndipo uwaite kwenye mafunzo.