Nilidai pesa ya friza yangu Mahakama ya Mwanzo bila wakili, nikalipwa

Wiki hii dada mmoja wa Makambako ameniandikia. Amenunua mota ya mashine ya kusaga, imeungua kabla hajasaga hata gunia moja, na mwenye duka amemwambia, "Nenda popote unakotaka." Anauliza wakili gani amtafute Mbeya. Dada yangu, dai la ukubwa huo unaliweza mwenyewe. Nakujibu hapa wazi kwa sababu maneno kama hayo niliambiwa mimi mbele ya wateja, na mpaka leo yananiuma.

Wateja wangu wa Uyole wanajua nauza mtindi, maziwa nayatoa Tukuyu. Nilinunua friza Mwanjelwa kwa shilingi 1,450,000, pesa ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwenye risiti waliandika "waranti mwaka 1" wakagonga muhuri. Haikufika mbali ikaacha kugandisha. Fundi wao akaja kujaza gesi, ikashika kidogo, ikarudi palepale. Nilimwaga maziwa mtaroni majirani wakinitazama. Niliporudi dukani mwenye duka akanionyesha bango ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Halafu akasema, "Mama wa maziwa, utanipeleka wapi?"

Bango lile limewafunga mdomo watu wengi mno. Linamhusu mteja aliyefika nyumbani akaona rangi haimpendezi. Aliyeuziwa kitu kibovu analindwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa: ukinunua kwa mtu ambaye ndiyo biashara yake, kitu kinapaswa kuwa na ubora wa kuuzika na kufaa kwa kazi uliyomweleza. Friza isiyogandisha inafaa kwa kazi gani? Tena waranti alinipa yeye mwenyewe kwa maandishi.

Nikaandika barua ya madai, ukurasa mmoja tu: nilinunua lini, kwa bei gani, kasoro ni ipi, nataka nini, na siku 14 za kujibu. Walikataa kusaini nakala yangu, nikarudi na mjumbe wetu wa mtaa, akasaini kwamba ameshuhudia nikiikabidhi. Hawakujibu.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai yanayotokana na mkataba hadi shilingi milioni 30, na kununua kitu dukani ni mkataba. Kila kitu kinakwenda kwa Kiswahili. Unapeleka madai yako kwa maandishi, au unayaeleza kwa mdomo yakaandikwa, unalipa ada, mdaiwa anapelekewa samansi. Angalia jambo moja: jina lililoandikwa kwenye risiti huenda si lile la kwenye bango la duka. Hakikisha unamshtaki aliyekuuzia kweli. Kuahirishwa kulikuwepo, sitawachosha nako.

Siku ya kusikilizwa alikuja na wakili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 mawakili wanaruhusiwa kwenye Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi, kwa hiyo msishangae mkiwakuta. Wakili akaniuliza, "Wewe ni fundi wa friza?" Nikamjibu, "Hapana, mheshimiwa hakimu, mimi ni mnunuzi. Fundi ni wa kwao, na meseji yake hii hapa." Meseji ilisema: "Mama, kompresa imekufa, mwambie bosi akubadilishie." Hakimu aliisoma kwa sauti. Wakili hakuniuliza tena habari ya ufundi. Nasema kwa kujivunia: shule yangu iliishia darasa la saba, na siku ile nilisimama nikaeleweka.

Niliamriwa nirudishiwe bei yote na gharama za kesi. Hasara ya maziwa nayo nilipewa, kwa sababu daftari langu nalijaza kila jioni na nililipeleka kama lilivyo. Wanawake wenzangu wa sokoni, andikeni! Tunzeni risiti. Risiti ya mashine ya EFD inafifia, ipigeni picha siku ile ile mliyopewa. Akikupigia simu kukuahidi kitu, mtumie meseji ya kukumbusha mlichokubaliana. Tunanyamaza mno, tunasema "basi, namwachia Mungu", na yule aliyetuuzia ubovu kesho anamuuzia jirani. Kama kuandika barua kunakupa shida, watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaada wao ni bure. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya walaji. Lakini risiti itaulizwa kotekote huko. Risiti, jamani.

Na hukumu peke yake haileti pesa. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Wangu hakukata, na hakulipa pia. Nikarudi kuomba kukaza hukumu, maana mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa. Wito wa ombi hilo ulipomfikia ndipo akaanza kulipa kwa awamu, na friza yake akaja kuichukua. Ukilipwa mkononi, nenda ukaandikishe kwenye jalada siku hiyo hiyo, na ukipewa nusu usisaini karatasi inayosema umelipwa yote.