Mashine ya moshi haiwezi kuona moshi uliobaki silindani

SWALI: Mimi ni fundi wa injini hapa Grogan, Nairobi. Mteja ameniletea gari la petroli la vali 16. Likiunguruma bila kukanyagwa mafuta linatetemeka, ukikanyaga linatulia. Plagi, koili na kompresheni ziko sawa. Fundi mwenzangu anasema silinda zinabaki na moshi mwingi wa mzunguko uliotangulia. Je, naweza kuupima kwa mashine ya moshi inayowekwa kwenye ekzosi?

JIBU: Huenda mwenzako amelenga penyewe, lakini mashine hiyo haitakuonyesha. Mchanganyiko ukiwa sahihi, kaboni dioksidi kwenye ekzosi itasoma asilimia 14 au 15 hivi, iwe silinda zimebakiza moshi kidogo au mwingi. Silinda ikiruka kuwaka, utaona hidrokaboni na oksijeni zimepanda. Hiyo ni dalili, sababu hujaijua bado.

Injini zote hubakiza moshi. Kwanza, pistoni ikifika juu kabisa bado kuna nafasi chini ya kichwa cha injini. Pili, na hapa ndipo penye kesi yako, kuna kitambo kidogo ambapo vali ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi. Usipokanyaga mafuta, shinikizo kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, huwa kilopaskali 30 hadi 40 tu, na upande wa ekzosi ni kama la hewa ya nje, ambalo Nairobi ni karibu 83. Moshi hurudi nyuma kwa nguvu. Ndiyo maana mabaki yanaweza kupita asilimia 20 injini ikiwa haijakanyagwa, kisha yakashuka chini ya 10 ukifungua hewa yote.

Kuyapima hasa ni kazi ya maabara. Kichwani hufungwa vali ndogo yenye kasi kubwa, inayochota gesi baada ya vali ya kuingiza kufunga na kabla plagi haijapiga cheche. Kaboni dioksidi ya hapo hugawanywa kwa ile ya ekzosi. Tuseme silindani ni asilimia 2.1 na ekzosi 14: mabaki ni asilimia 15. Lakini ngoja. Vipimo hivyo huchukuliwa baada ya mvuke wa maji kuondolewa, na moshi wa ekzosi una mvuke mwingi, asilimia 13 hivi, kuliko gesi ya silindani ambayo haijawaka. Ukiurudisha mvuke kwenye hesabu, jibu linasogea hadi karibu 17. Mtu akikupa namba ya mabaki, muulize kwanza kama alisahihisha maji. Njia nyingine ni kupitisha mwanga wa infraredi wa mikromita 4.3 hivi ndani ya silinda. Kaboni dioksidi huufyonza, na hakuna haja ya kuchota wala kukausha chochote.

Wewe gerejini pima kinachosababisha. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi, ila usitumie namba za kitabu zilivyo. Inchi 17 hadi 22 za zebaki ni za usawa wa bahari, ni sawa kwa Mombasa. Hapa, kwenye mita 1,700 hivi, injini isiyo na hitilafu itasoma kama 12 hadi 16. Inasikitisha kuona injini nzuri ikifunguliwa kwa sababu tu geji "imesoma chini".

Sindano ya geji ikitulia chini ya hapo, hakikisha kwanza hakuna manifoldi inayovuja. Ekzosi iliyoziba siitilii shaka sana, maana ingezidi kusumbua ukikanyaga. Angalia vali ya kurudisha moshi, kama gari linayo: ikikwama wazi, injini hutetemeka hivyo hivyo. Kisha geukia kamshafti ya kuingiza, yaani fimbo inayofungua vali za kuingiza. Kama ina mtambo wa kubadilisha taimingi, yaani wakati wa vali kufunguka, huo ukikwama upande wa mapema, vali zote mbili hukaa wazi pamoja muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Anza na ile vali ndogo ya oili inayouendesha: itoe, tazama chujio lake, na uone oili ilivyo nyeusi kabla hujagusa cheni.