Dada, shida za watu zinaninyima usingizi

Safari hii barua zimetoka kusini tupu, Tandahimba, Lindi mjini na Newala, na zote zinagusa tabia ya mtu na afya yake ya akili. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana najua wako wengi wa namna hii na wanaona aibu kuuliza.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Tandahimba, kibanda changu kipo njia ya kwenda ghalani kwa hiyo msimu wa korosho watu wanajaa. Shida yangu mtu akija kutoa hela ananihadithia na matatizo yake yote. Juzi kaja mama mmoja, hela ya korosho mumewe katoa yote kaenda nayo Mtwara hajulikani aliko, na mtoto anatakiwa kuanza fomu wani hana hata sare. Yule mama alilia pale dirishani, mimi nikafunga kibanda nikalia kuliko yeye. Usiku silali moyo unaenda mbio, na siku hizi nikimuona mtu anakuja na sura ya huzuni najifanya naongea na simu. Mume wangu anasema nina moyo mwepesi ntapata wazimu. Je huu ni ugonjwa? Mama wa watatu, Tandahimba.

JIBU: Pole sana dada yangu, na hapana, kuumizwa na shida za watu sio ugonjwa, wala hupati wazimu kwa kumlilia mtu. Ila kuna kitu umekiandika kwa kupita tu na mimi naona ndo penyewe, hapo unaposema ukimuona mtu ana huzuni unajifanya unaongea na simu.

Watafiti wa saikolojia wameshaona kwamba hii tunayoiita huruma ina mambo kadhaa ndani yake. Mwaka 1980 Mmarekani mmoja, Mark Davis, alitoa dodoso la sentensi 28, unasoma sentensi unasema inakuhusu kwa kiasi gani, na akaigawa mafungu manne. La kwanza ni kuweza kujiweka mahali pa mwenzako ukaona anavyoona yeye, la pili ni kuzama kwenye maisha ya watu wa kwenye hadithi na filamu, la tatu ni kumuonea mwenzako uchungu na kumtakia nafuu, na la nne ni kutaabika wewe mwenyewe unapoona mtu yuko kwenye shida. Hilo la tatu na la nne kwa nje yanafanana kabisa, wote machozi yanatoka, lakini moja linakupeleka kwa mwenye shida na lingine linakutoa mbio.

Kuna jaribio la mwaka 1981 la Daniel Batson na wenzake, Chuo Kikuu cha Kansas, nalipenda sana. Waliwaonyesha wasichana wa chuo mwenzao anaitwa Elaine akipigwa shoti za umeme na kuumia (kiukweli alikuwa anaigiza, hakuna aliyepigwa shoti). Alafu wakawauliza, upo tayari kukaa nafasi yake? Ila baadhi waliambiwa ukikataa unaweza kujiondokea tu, wengine waliambiwa ukikataa utabaki kumuangalia mpaka mwisho. Waliojaa taabu yao wenyewe walijitolea zaidi pale ambapo hawana pa kukimbilia, mlango ukiwa wazi wengi wakaondoka. Waliojaa uchungu kwa ajili ya Elaine walijitolea hata pale mlango ulipokuwa wazi. Sasa dada simu yako ndo huo mlango, na haina maana kwamba una roho mbaya, ina maana umetaabika kupita kiasi mpaka mwili unatafuta pa kutokea.

Kwa hiyo usijilazimishe kuwa na roho ngumu kama shemeji anavyotaka. Mtafiti Tania Singer na wenzake waliwafundisha wanawake kwanza kuhisi maumivu ya watu wanaowaona kwenye video za mateso, wakaishia kujisikia vibaya zaidi. Baadae wakawafundisha kumtakia heri mwenye maumivu kwa upole na upendo, na hisia nzuri zikapanda wakati bado wanaangalia mateso, matokeo yalichapishwa 2014. Yaani dawa haikuwa kuacha kujali, ilikuwa kujali kwa namna nyingine, na inafundishika.

Pale dirishani ifanye hivi. Mtu akianza kulia, vuta pumzi taratibu alafu muulize kitu kimoja kinachoweza kufanyika. Kwa yule mama, shule inafunguliwa lini, mjomba wa mtoto ameshaambiwa, ameshafika kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuhusu matunzo ya mtoto? Hapo akili yako inatoka kwenye maumivu yako inarudi kwake, na yeye anaondoka na kitu mkononi zaidi ya machozi. Foleni ikiwa ndefu mwambie mama njoo jioni tuongee, wala sio dhambi. Na wewe tafuta mtu wako wa kumwagia, usimbebeshe shemeji peke yake.

Kuhusu moyo mwepesi. Watafiti wengi wanapima haiba ya mtu, yaani alivyo kitabia, kwa mambo makubwa matano, na moja ni wepesi wa kuingiwa na wasiwasi na huzuni. Aliye juu hapo kweli yuko kwenye hatari zaidi ya kupata sonona, ule ugonjwa wa huzuni iliyozidi, ila sio hukumu. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 za watu waliopata tiba na mafunzo mbalimbali, wakakuta haiba inabadilika, kwa wastani wa wiki 24 tu, na lililobadilika zaidi ni hilo hilo la wasiwasi. Lakini kama usingizi umepotea zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti, hamu ya mambo yote imekufa au unawaza kufa, usisubiri msimu uishe, nenda kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula pale Mtwara, ulizia kitengo cha afya ya akili.

SWALI: Dada mambo, mi ni bodaboda Lindi mjini. Kuna testi imesambaa kwenye grupu letu la Whatsapp, unajibu maswali inakupa herufi nne, mimi imenitolea introveti, yaani mtu mkimya. Wenzangu kijiweni wananicheka wanasema nina kiburi sipigi stori na inabidi nitibiwe. Je kuna dawa? Wa kijiweni, Lindi.

JIBU: Poa mdogo wangu. Hamna dawa kwa sababu hamna ugonjwa, ukimya haumo kwenye orodha ya magonjwa ya akili popote duniani. Hiyo testi ya herufi nne chanzo chake ni mama na binti yake wa Kimarekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, waliochukua mawazo ya kitabu cha 1921 cha daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, na mama na binti hao hawakusomea saikolojia. Tatizo lake kubwa inakata watu mapande mawili, mcheshi huku mkimya kule, wakati watu wengi tuko katikati, ndo maana mtu anairudia baada ya wiki chache anapewa herufi nyingine.

Hata vile vipimo vya kitaalamu vya mambo matano niliyomwambia dada wa Tandahimba navyo vina mipaka. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walivipeleka kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, wakawahoji watu wazima 632, na yale matano hayakujipanga kama yanavyojipanga kwa wanafunzi wa Marekani. Yalijitokeza mawili, kuwa mwema kwa wenzako na kuwa mchapakazi. Sasa kama kipimo cha watafiti kinayumba hivyo, hicho cha kwenye grupu kisikunyime raha.

Jiulize kitu kimoja tu. Ukikaa kimya unakuwa na amani, au unatamani kuongea ila jasho linakutoka na unakwepa abiria na vikao kwa kuogopa watakuonaje? Kama ni amani endelea na maisha yako. Kama ni hofu, na inakukosesha hela au marafiki, hiyo ni hofu ya watu na inatibika kwa maongezi na mtaalamu, hospitali ya Sokoine hapo Lindi anzia hapo.

SWALI: Mwanangu salama? Mimi ni mzee wa Newala. Mpwa wangu wa miaka 19 tangu matokeo ya fomu foo hatoki ndani, haogi, hacheki. Wengine wanasema karogwa, wengine anajidekeza. Mimi ndo mjomba wake natakiwa kusema neno lakini sijui niseme nini. Sisi wazee tunaweza kusaidia au hii ni kazi ya daktari?

JIBU: Shikamoo mjomba. Mnaweza, na hospitali pia inahitajika, vyote viwili kwa pamoja. Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixie Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na bibi 14 wa mtaani. Wakafundishwa, wakawekewa benchi nje ya kliniki, mgonjwa anakaa na bibi wanaongea, anataja shida zake, wanachagua moja, wanapanga hatua ndogo ya kufanya, akirudi wanaangalia imefika wapi. Mwaka 2016 wakachapisha utafiti wa watu 573 kwenye kliniki 24. Baada ya miezi 6 waliobaki na sonona kati ya waliopita kwenye benchi walikuwa kama asilimia 14, kundi lililopata huduma ya kawaida asilimia 50. Mjomba, hao ni bibi tu, umri wao na kuaminika kwao ndo mtaji.

Kwa hiyo usianze na matokeo ya mtihani wala kumwambia mwenzio fulani kafaulu. Mwite mkae chini ya mkorosho wawili tu bila mama yake, muulize siku hizi anaishije na umsikilize mpaka amalize hata kama ananyamaza katikati kwa muda mrefu, alafu chagueni kitu kimoja kidogo, kwa mfano kesho anakusindikiza shamba. Na muulize waziwazi, umewahi kuwaza kujidhuru? Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unamtia wazo, tafiti zimeonyesha sio kweli, wengi wanapata ahueni kwa kuulizwa. Akisema ndio, asilale peke yake, na asubuhi ongozana nae mwenyewe mpaka hospitali. Dawa za kupulizia mikorosho usisubiri jibu lake, zitoe humo ndani leo hii ukazifungie kwa jirani.