Ukichuma pishi kumi: ahadi inavunjika lini?

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Nipo Wete, najiandaa na mtihani wa mantiki. Kitabu kinasema "Ikiwa P, basi Q" (P na Q ni kauli zozote mbili) ni sawa na "Ikiwa si Q, basi si P", lakini si sawa na "Ikiwa Q, basi P". Tena kwenye jedwali la kweli na uongo, P ikiwa uongo, sentensi nzima inaandikwa kweli. Kweli vipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Weka jedwali pembeni, twende shambani. Mwenye mikarafuu anakwambia: "Ukichuma pishi kumi leo, nakupa elfu tano juu ya ujira wako." Jioni karafuu zinapimwa. Lini utakuwa na haki ya kumwita muongo?

Umechuma kumi, hajakupa: hapo kavunja ahadi. Umechuma nane, hajakupa: huna la kusema. Umechuma nane, kakuonea huruma kakupa: nani atamlaumu? Mistari miwili inayokusumbua kwenye jedwali ndiyo hii ya pishi nane. "Kweli" pale maana yake ahadi haikuvunjwa, basi.

Sasa igeuze: "Hukupewa elfu tano? Basi hukuchuma kumi." Kauli hii inakuwa uongo lini? Pale tu ulipochuma kumi na hukupewa, yaani hali ile ile ya mwanzo. Kauli mbili zikiangushwa na hali zile zile, wala hakuna nyengine inayoangusha moja ikaiacha ya pili, ndipo tunasema ni sawa kimantiki. Ama "Umepewa, basi ulichuma kumi", hiyo anaiangusha yule wa pishi nane aliyeonewa huruma. Tunapotea kwa sababu barazani tukisikia "ukichuma", masikio yanajiongezea "bila hivyo hupati". Mwenye shamba hakulisema hilo.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza alieleza jaribio la kadi nne ambalo walio wengi hulikosea. Nakuletea kwa sura ya kwetu. Kila mchumaji ana karatasi: upande mmoja pishi zake, upande wa pili kapewa au hakupewa. Mezani zipo nne, zinasomeka KUMI, NANE, KAPEWA, HAKUPEWA. Unataka kujua kama ahadi imevunjwa. Utafunua zipi?

Mkono utakwenda kwenye KUMI, na hapo sawa. Utavutika pia kuifunua KAPEWA. Iache, hata nyuma yake kukiwa na pishi mbili haina kesi. Ya pili ni HAKUPEWA: nyuma yake kukiwa na kumi, ahadi imevunjwa.