Bonyeza Mara Hamsini: Kwa Mwalimu Anayetaka Wanafunzi Waonyeshe Pengo Letu kwa Programu

Kazi ya kwanza ambayo wanafunzi wangu walitengeneza kuhusu ukosefu wa usawa ilimwumiza mmoja wao, na kosa lilikuwa langu. Niliwaambia watumie Scratch, zana ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha bloku, kuchora tofauti kati ya tajiri na maskini, nikawaacha wafanye kwa saa mbili. Nilipopita kukagua, karibu kila skrini ilikuwa na picha ile ile: upande mmoja jumba la ghorofa na gari kubwa, upande wa pili mtoto mwenye nguo zilizoraruka, bakuli mkononi, machozi yakimtiririka. Ukimbonyeza huyo mtoto, anasema, "Nisaidie."

Darasani mlikuwa na msichana wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, miaka 12, mwepesi kuliko wote katika hesabu. Alitazama skrini ya jirani yake kwa muda, akazima kompyuta yake, akaniambia kichwa kinamuuma. Hakuonekana Jumamosi mbili. Nilipokwenda kwao kumwulizia, nilimkuta kwenye foleni ya maji pamoja na mdogo wake, mitungi minne mbele yao. Niliomba msamaha palepale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi hatulii, mwalimu. Sisi tunapanga foleni."

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyofundisha somo hili. Nina darasa la watoto wa miaka 11 hadi 15, kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa huko Huruma. Wengi wanatoka papo hapo na Mathare, wengine Pangani, na wachache wanaletwa na wazazi wao kutoka Parklands, mtaa wa wenye uwezo. Tuna kompyuta nane zilizotumika. Ninayoandika hapa ni kwa mwalimu au mzazi yeyote anayetaka kujaribu kazi kama hii na hataki kurudia kosa langu.

Anza na kitu ambacho mtoto anaweza kukihesabu mwenyewe. Picha ya huzuni kila mtu ameiona, na anayeitazama humhurumia aliyechorwa kisha akaendelea na safari yake. Hesabu humfanya mtu aulize maswali. Jumamosi iliyofuata niliwapa swali moja tu: maji ya nyumbani kwenu yanalipwa vipi? Wa Mathare na Huruma walijua bila kuuliza mtu. Mtungi wa lita 20 ulikuwa shilingi 5, na maji yakipotea mtaani bei inapanda. Mtoto mmoja wa Parklands alikuja na picha ya bili, jina la baba yake limefunikwa kwa kidole. Bili huhesabu maji kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nikawaachia ubao.

Walipiga hesabu wenyewe. Lita 1,000 ni mitungi 50. Mitungi 50 kwa shilingi 5 ni shilingi 250. Bei ya uniti kwenye ile bili ilikuwa chini sana ya hapo, na maji yenyewe yanafika mpaka jikoni. Yule kijana wa Parklands alirudia hesabu mara mbili akidhani wamekosea. Kisha mwenzake wa Huruma akatoa kitabu chake cha somo la jamii, akasoma kwa sauti Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sikuongeza neno.

Baada ya hapo ndipo kazi ya programu ilipoanza, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo walimu wengi tunapokosea. Toleo lao la kwanza lilikuwa nguzo mbili za rangi, moja fupi moja ndefu. Lilikuwa sahihi lakini lilikuwa limekufa: unatazama, unaelewa, unaondoka. Programu ina kitu ambacho bango halina. Inaweza kumfanya anayeitumia atende, na kutenda huko kukamgharimu kitu, hata kama ni dakika mbili tu za maisha yake. Nikawauliza: huyu mtumiaji wenu afanye nini kwa mkono wake ili ajue, bila kuambiwa?

Walijadiliana Jumamosi nzima. Jibu walilolipata ni hili. Kwenye skrini kuna matangi mawili ya lita 1,000. La kushoto ukibonyeza bomba mara moja, linajaa lenyewe huku ukitazama. La kulia, kila ukibonyeza unaongeza mtungi mmoja, na shilingi 5 zinatoka kwenye mfuko ulioandikwa juu. Ili lijae, lazima ubonyeze mara hamsini. Hakuna mtu anayelia, wala maneno yoyote ya kuhubiri. Kufikia mara ya ishirini, kidole kimeanza kuchoka na mtu anauliza, "Hii inaisha lini?" Wakati huo tangi la kushoto lilishajaa zamani.

Walipokuwa wakiandika, waligundua jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Tangi zote mbili zina bloku zile zile: ukibonyezwa, ongeza maji, punguza pesa, angalia kama limejaa. Kilichotofautiana ni namba walizoziweka kwenye visanduku mwanzoni. (Mimi kile ambacho programu hutumia kuhifadhi namba huwaambia ni kisanduku chenye jina, na wanaelewa upesi.) Yule msichana wa Mathare ndiye aliyesema: "Mwalimu, hawa wawili wamepewa kazi sawasawa. Tofauti ni namba walizoanza nazo." Kama kuna sentensi moja ningependa kila mwanafunzi wangu atoke nayo, ni hiyo, na aliipata kutoka kwenye msimbo wake mwenyewe.

Kwa hiyo leo nina jaribio moja kwa kila kazi. Ondoa picha zote, weka duara na mraba mahali pa watu na nyumba, kisha uendeshe programu. Kama bado inasema ilichotaka kusema, pengo limo ndani ya kanuni za programu na kazi ni nzuri. Kama imekuwa bubu, basi ilikuwa ni picha zinazocheza, na mwanafunzi arudi kufikiria.

Kuhusu vifaa sina mengi. Scratch, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2007, ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo bando si kikwazo. Fungua orodha ya lugha juu ya ukurasa, utapata Kiswahili humo. Wafundishe kuhifadhi kazi kila baada ya dakika kumi, maana stima ikipotea hairudi na kazi yako. Wakubwa wakishaizoea Scratch huwapeleka kwenye p5.js, zana nyingine ya programu ambayo wanaandika kwa maneno badala ya bloku, na kazi yao hufunguka kwenye kivinjari cha simu ya kawaida. Hilo ni muhimu, kwa sababu wazazi wengi wataiona kazi hiyo kwenye simu tu.

Ila kuna jambo la vifaa ambalo lazima nilisimulie kwa kirefu. Kompyuta nane kwa watoto ishirini na wawili maana yake ni watoto wawili au watatu kwa kila mashine. Kwa muhula mzima niliamini wanashirikiana. Siku moja nilikaa nyuma na saa mkononi, nikaandika nani ameshika kipanya. Kwenye meza za mchanganyiko, wavulana walikishika karibu muda wote, na wasichana walikuwa wakielekeza kwa kidole au wakinyamaza. Tulikuwa tunatengeneza programu kuhusu usawa huku nusu ya darasa haijagusa kompyuta! Nikawaonyesha yale niliyoandika, kama ubao wa matokeo, bila kumtaja mtu. Sasa kengele hulia kila dakika 15 na kipanya lazima kibadilishe mkono, hata kama mtu yuko katikati ya jambo. Walinung'unika wiki moja tu. Kama utachukua ushauri mmoja kutoka kwangu na kuacha mwingine wote, chukua huo wa saa.

Sasa namba. Watoto hupenda namba kubwa, na mitaa yetu imesemwa kwa namba kubwa tangu zamani. Kundi moja liliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, kwa sababu ndivyo walivyosikia kila mahali. Tulitafuta. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Ubishi ulikuwa mkubwa, wengine wakisema wahesabuji hawakufika kila mlango, na sikuwakataza kubisha. Niliwawekea sharti moja tu: namba yoyote inayoingia kwenye programu iandikwe pamoja na mwaka wake na aliyehesabu. Mtaa wa watu 170,000 ambao hawana maji ya uhakika ni jambo zito la kutosha. Hauhitaji kutiwa chumvi, na ukitiwa, mtu wa kwanza atakayegundua atatupa kazi yote.

Kundi hilo hilo lilitaka kuonyesha watu wa Nairobi kama nukta, kila nukta ijitengeneze kwa bloku ya nakala. Scratch haikubali nakala zaidi ya 300 kwa wakati mmoja. Walikasirika, kisha wakakaa chini wakapiga hesabu: Nairobi ya 2009 ilikuwa na watu 3,138,369, kwa hiyo nukta moja ikiwa watu 15,000, jiji zima linakuwa nukta 209 na Kibera nukta 11. Mmoja alikuwa ameshachukua 4,397,073 ya sensa ya 2019, akaiweka pamoja na Kibera ya 2009. Wenzake ndio waliomshika: huwezi kulinganisha mwaka huu na mwaka ule. Kisha wakapaka zile nukta 11 rangi ya chungwa, wakazisogeza mahali pake kwenye ramani, na zilipojikunja pale kando ya uwanja wa gofu, ambao hauna nukta hata moja, ukumbi ulinyamaza.

Kazi zingine zilikuja zenyewe baada ya hapo. Mvulana mmoja alitengeneza barabara mbili, ya chini ikiwa Mombasa Road na ya juu ikiwa ile ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Ukiwa na pesa kwenye kisanduku unapanda juu, usipokuwa nazo unabaki kwenye matatu ukibonyeza breki. Mwingine alichora safari ya kutoka Muthaiga, mtaa wa matajiri, hadi Mathare: shikilia mshale wa kulia tu, uone miti ikipungua. Miti aliihesabu kwenye picha za setilaiti, kipande kwa kipande.

Tahadhari moja, na hii haina mjadala kwangu. Usitumie sura wala sauti ya mwanafunzi au jirani kama mfano wa umaskini, hata akikubali. Mtoto akitaka kusimulia habari za nyumbani kwao, atengeneze mhusika mwenye jina jingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, kumbuka yule msichana aliyezima kompyuta yake.

Tulipomaliza ile programu ya maji tuliwaalika wazazi. Mmoja wa waliokuja ni mama anayeuza maji karibu na kanisa. Wanafunzi walikuwa wamemchora muuzaji kando ya tangi la kulia, uso umekunjwa, mkono umenyooshwa kupokea pesa. Mama alibonyeza mpaka mwisho, mara zote hamsini, hakuruka hata moja. Kisha akamwita kijana aliyekuwa karibu.

"Mwanangu, huyu ni mimi?"

Kijana hakuwa na la kusema.

"Haya. Mmeniandika napokea shilingi tano. Mbona hamjaandika ninazotoa? Mfereji niliuvuta kwa pesa zangu. Tangi nimenunua. Maji yasipokuja siku tatu, nalipa gari la maji kwa bei yake. Na anayelinda mfereji usikatwe usiku, pia nalipa."

Nilitaka kuingilia kati kumtetea kijana, nikajizuia. Alichukua daftari, akamwomba mama akae, akamwuliza moja baada ya nyingine: mfereji bei gani, tangi bei gani, gari la maji mara ngapi kwa mwezi. Wenzake wakasogea. Walikaa naye zaidi ya saa moja, chai ikapoa.

Toleo la sasa lina tangi la tatu, la muuzaji mwenyewe. Ukibonyeza hapo unaona shilingi 5 zinavyogawanyika kabla hazijafika mkononi mwake, na uso wake hauna mikunjo tena. Bei zote ziko kwenye visanduku juu ya skrini, zinabadilika kwa kuandika tu. Siku hizi, kabla hatujaanza darasa, mmoja wa watoto huwauliza waliotoka kuteka maji asubuhi, "Leo mtungi ni ngapi?" Wakijibu, hufungua kisanduku, hufuta namba ya wiki iliyopita, na kuandika ya leo.